Bei ya Deki ya Casimir

Suzanne aliitoa deki ya video ya marehemu mumewe, Casimir, kwa viti viwili vya plastiki, na siku ile alijiona amepata.

Mchuuzi mmoja wa kupita alikuwa akizunguka mji wa Baraka, kando ya ziwa upande wa Kongo, kwa baiskeli, akibadilisha vyombo vipya kwa vitu vizee: redio zilizokufa, betri za gari, sufuria zilizotoboka. Aliingia sebuleni kwa Suzanne kunywa maji, akaiona deki juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Akauliza inafanya kazi gani pale. Suzanne akamjibu kwamba inakalia kabati lisiruke. Wakacheka wote wawili. Wakati ule mtu wa Baraka aliyetaka kuangalia filamu aliitia kwenye telefoni kwa kadi ndogo kama ukucha, na deki ilikuwa kitu cha kupangusa vumbi tu. Viti vilikuwa vya kijani, imara, na vile vya mbao vilikuwa vimevunjikia kwenye msiba wa huyo huyo Casimir. Akaifunua, akaitoa.

Kaseti hakuzitoa. Mchuuzi hakuzitaka, naye Suzanne hakujua azitupe wapi. Zikabaki ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda, nyeusi, zimepangwa kama matofali, kila moja na karatasi yake yenye mwandiko wa Casimir ulioinama kama majani ya mpunga upepo ukipita.

Casimir Wilondja alikuwa mtu wa picha. Vita vilipowavusha ziwa, wakaishia kambini Lugufu, upande wa Tanzania, wenzake walitafuta vibarua vya kulima. Yeye alijiunga na mpiga picha mmoja wa Kigoma, akambebea mizigo mpaka akarithi kamera yake ya zamani, ile ya kuweka begani, pamoja na deki na televisheni ndogo. Tangu hapo hakuna ndoa iliyofungwa kambini, wala ubatizo, wala matanga ya mtu mkubwa, bila Casimir kusimama pembeni na jicho moja limefungwa. Jumapili baada ya ibada aliwasha jenereta, watu wakajaa kwenye kibanda chake kujitazama. Wengine walilipa kwa unga wa mgao. Siku ya kurudi Kongo, wenzao walipanda meli wamebeba magodoro na ndoo za msaada. Casimir alivuka Tanganyika ameipakata deki mapajani kama mtoto mwenye homa.

Baraka haikumpokea vizuri. Umeme haukuwapo, na vijana wenye kamera za mfukoni walikuwa wameshachukua kazi. Alivutavuta nyavu za watu kwa muda, kisha kifua kikamkamata, akawa mtu wa kukaa kimya ukutani, penye jua. Alipokufa, binti yao Aline alikuwa bado anasoma shule ya msingi. Suzanne alimlea kwa ndagala, wale samaki wadogo wanaoanikwa kwenye mchanga mpaka wakauke na kung'aa. Aline sasa ameolewa Lulimba, na Suzanne bado yuko sokoni na beseni zake.

Jambo la deki lilirudi kwa njia ya wimbo.

Korali ya kanisa lao ilikuwa inajiandaa kwa sherehe ya kukumbuka mwaka waliorudi nchini. Nyimbo zao karibu zote zilitungwa kambini na mzee Bienfait, ambaye alikuwa amefariki mwaka uliotangulia huko Sebele. Kila mtu alitaka ule mmoja aliowapa Pasaka moja huko Lugufu, watu walipokuwa wamekata tamaa kabisa ya kurudi:

Ziwa si ukuta, ziwa ni njia,
aliyetuvusha gizani
atatuvusha jua likiwaka.

Ubeti wa kwanza waliujua, na wa pili pia. Shida ilikuwa wa tatu. Bienfait aliuimba peke yake, akiviita vijiji vya eneo lao la Fizi kimoja baada ya kingine kama mama anayeita watoto wake waje kula, na korali ilikuwa ikivuma tu nyuma yake. Kwa kuwa hawakuwa na maneno ya kuimba, hawakuyashika. Waliotoka Mboko walishikilia kwamba wimbo unaanzia Mboko. Wa Kazimia walisema hapana, unapanda kutoka kusini. Naye Déogratias, kiongozi wa korali tangu Bienfait augue, ambaye ni mzaliwa wa Kilembwe, alisema Kilembwe ilikuwamo, tena katikati, na kwamba yeye mwenyewe alilia ilipotajwa. Mazoezi yalikuwa yanaishia kwenye ubishi, watu wanarudi nyumbani hawajaimba hata mara moja mpaka mwisho.

Suzanne, aliyekuwa akiimba sauti ya pili, alisikiliza ubishi ule mpaka akachoka.

"Casimir alibakamata mu kamera siku ile," akasema. "Kaseti iko kwangu."

Wote wakamgeukia. Kisha mtu mmoja akauliza swali ambalo Suzanne aliliona likija: "Na deki?"

Wakaanza kutafuta. Padri alikuwa na moja, lakini panya walikuwa wamezalia ndani. Mwenye jumba la sinema la zamani alikuwa ameuza yake wakati bado inauzika kwa bei ya kuku. Mwishowe mtu akasema ameiona moja kwa Guy, kijana mwenye duka la telefoni na paneli za jua karibu na bandari. Jumatatu mchana wakaenda: Déogratias mbele, Suzanne na wanakorali wengine nyuma yake.

Deki ilikuwa kwenye rafu ya juu, imefungwa kwa plastiki safi, juu zaidi ya telefoni mpya. Déogratias akauliza bei. Guy akaitaja: dola mia nne. Mtu mmoja nyuma akakohoa. Kwa bei ile ungeezeka nyumba kwa manjanja, yaani mabati, ukabakiza ya misumari.

"Guy, mutoto yangu," Déogratias akasema taratibu, "hiki ni kisanduku cha zamani. Nimeviona vikitupwa."

"Vilitupwa wakati vilikuwa vinatengenezwa, papa," Guy akajibu bila hasira. "Sasa habavitengenezi tena. Kiwanda ya mwisho ilifunga kule kwa Bajaponi, iko miaka sasa. Zile ziko duniani njo zile tu, na kila siku moja inakufa."

"Na nani atanunua hapa Baraka?"

"Hapa, hakuna mutu. Lakini Kigoma iko fundi moja, Murundi, anaitwa Sinzinkayo. Bantu betu benye baliendaka Amerika na Kanada kutoka mu kambi, banamutumia kaseti zao za ndoa, anaziingiza mu telefoni. Deki yake imekufa. Ananipigia kila juma."

Suzanne hakuwa anasikiliza. Alikuwa anatazama kitufe cha kuanzishia. Hakikuwa kitufe. Kilikuwa kizibo chekundu cha dawa ya meno, kimebandikwa kwa gundi iliyogeuka njano. Aliijua ile gundi. Aline, alipokuwa anajifunza kusimama, alijishikiza kwenye deki akaking'oa kitufe cha kweli na kukimeza, na Casimir akasema kwa kuwa mtoto hajafa, kitu kingine chochote kinatengenezeka.

"Uliitosha wapi?" Suzanne akamwuliza Guy.

"Mboko, mama, kwa mununuzi wa vyuma. Ilikuwa chini ya magurudumu ya pikipiki."

"Ulitoa ngapi?"

Guy akatabasamu. "Mama, we unauzishaka ndagala. Unamwambiaka mununuzi bei ulizipata nazo mu mutumbwi?"

Suzanne akajikuta amecheka, na kucheka kule kukamuumiza. Hakusema mbele ya watu kwamba deki ile ilikuwa yake. Waliporudi barabarani Déogratias aliendelea kunung'unika juu ya vijana wa siku hizi wanaouza hewa. Suzanne akaachana nao kwenye njia panda.

Nyumbani alivikuta vile viti. Kimoja kilikuwa kimekatika mguu na kusukwa kwa waya. Kingine jua lilikuwa limekila rangi mpaka kikawa kama jani la mwezi wa saba. Akakikalia hicho cha pili. Alitafuta mtu wa kumkasirikia, hakumpata. Guy hakuiba. Mchuuzi naye hakuiba. Alitoa viti, na viti vilikaliwa. Yeye mwenyewe alikuwa mjane aliyehitaji pa kukalisha wageni. Hata hivyo alijiona kama mtu aliyempa mgeni mwanawe amshikie kidogo, akageuka, akakuta anatajiwa bei.

Kesho yake sokoni akamweleza Capitoline. Capitoline alikuwa mkimbizi kutoka Burundi, mkaaji wa kambi ya Lusenda, mama mrefu mwenye maneno machache, aliyekuja kila siku ya soko kununua ndagala za kwenda kuuza tena kambini. Walikuwa wamefahamiana kwa kupunjana mara ya kwanza na kuheshimiana baadaye. Capitoline alimsikiliza huku akipekua samaki kwa vidole, akitenga waliovunjika.

"Inasema bado?" akauliza alipomaliza.

"Nini?"

"Ile mashini. Yule kijana aliiona inasema?"

Suzanne akafikiri. "Sijui."

"Kwetu mutu hanunui ng'ombe bila kumwona anatembea. Huyo wa Kigoma atatoa franga zote hizo kwa ng'ombe amelala?" Akamwaga samaki wazuri kwenye kikapu chake. "Na kuona inasema, lazima kaseti. Kaseti ziko kwa nani?"

Suzanne akamtazama rafiki yake. Kisha akamwongezea kiganja cha ndagala bila kuombwa, jambo ambalo halikuwa desturi yake.

Alikwenda kwa Guy peke yake mchana ule ule, kabla moyo haujarudi nyuma. Guy akamsogezea kibao; hakukaa.

"Huyu mutu ya Kigoma," akaanza, "ameshaiona mashini ikitembea?"

Guy akaacha chaja aliyokuwa anaifungua. Akasita kidogo, kama mfanyabiashara anayepima kama kusema kweli kutamgharimu, kisha akaona hakuna namna.

"Njo shida hiyo, mama. Anataka nimutumie video, aone inacheza. Nimetafuta kaseti tangu Uvira mpaka Kazimia. Nilipata moja, imeota ukungu kama muhogo. Niliogopa kuiingiza."

"Mi niko nazo sanduku muzima. Kavu."

Guy akamsogelea.

"Lakini sikiliza," Suzanne akasema. "Nitaleta moja, we utaona mashini yako inacheza, utatuma video yako. Na korali itakaa hapa, isikie wimbo wake. Halafu mpaka siku mashini itapanda mutumbwi, nitaleta zingine. Mwenye kutaka kujiona, akuje."

"Na kama itakula kaseti?"

"Nitalia mi. Kaseti ni yangu."

"Na kama mukanda utakatika? Ile mukanda ya ndani, mama, haipatikani. Itakuwa mi ndiye nalia."

"Basi tutalia wawili," akasema Suzanne. Kisha, kwa kuwa alikuwa ameshafika pale, akaongeza: "Hii mashini ilikuwa ya bwana yangu. Hicho kizibo alikitia yeye. Mi niliitoa kwa viti."

Guy akainua macho kwenye rafu, akaishusha deki, akakigusa kile kizibo kwa kidole. Alikuwa amezaliwa Bukavu, hakuwahi kuona kambi.

"Singejua, mama," akasema. "Na siwezi kukurudishia. Nilishaweka mipango juu yake. Mutaji yangu yote ya paneli iko pale."

"Sikuomba unirudishie. Niliomba siku."

Guy akakubali. Mtumbwi wa injini wa Kigoma ulitarajiwa ziwa litakapotulia, na wakati ule upepo wa kusini ulikuwa unavuma kwa nguvu.

Siku ya kuijaribu, duka lilijaa kabla jua halijapinda. Guy alikuwa ameazima televisheni nene ya zamani kutoka kwa fundi wa redio, akaiunganisha na betri za paneli zake. Suzanne alileta pamba na kichupa cha spiriti. Alikumbuka kumwona Casimir akipangusa kitu ndani ya deki, kitu cha kuzunguka kama kikombe kidogo kinachong'aa, lakini hakukumbuka kama alipangusa akizungusha au akiwa ameshika. Yeye na Guy wakainamia pamoja, kila mmoja akimwambia mwenzake awe mpole. Kisha Suzanne akaitoa kaseti kwenye kitambaa cha kikwembe alichoifungia, akaitia mdomoni mwa deki. Mashine ikaipokea, ikaimeza kwa sauti ya kitu kizito kinachoketi.

Kwanza ilikuja mvua nyeupe. Kisha mistari, inapanda na kushuka. Guy alikuwa ameiinua telefoni yake kuchukua picha. Halafu, kama mtu anayetoka kwenye ukungu wa asubuhi, akatokea Bienfait. Alikuwa amevaa shati la samawati, shingo nyembamba, amesimama mbele ya turubai la kanisa lenye viraka. Alikuwa kijana. Watu waliokuwa wamemzika walikuwa wamesahau kwamba aliwahi kuwa kijana.

Mwanamke mmoja alisema jina lake polepole, basi. Korali ya kwenye televisheni ikaanza ubeti wa kwanza, na korali iliyokaa chini dukani ikaanza nayo bila kuambiwa, kwa sauti ndogo, ili wasiwafunike wale wa zamani. Ubeti wa pili. Kisha wa tatu ukafika, wote wakanyamaza.

Bienfait alifumba macho. Aliita Mboko. Aliita Swima, akaita Lusenda, akaita Nundu. Wa Mboko walitazamana kwa fahari. Aliita Baraka na Sebele, akashuka mpaka Kazimia, akapanda milimani, akaita Fizi penyewe, akaita Lulimba. Kisha akaita Sebele tena. Akafumbua macho. Ilionekana wazi kabisa: mtunzi mwenyewe alikuwa amepotea ndani ya wimbo wake. Aliwageukia waimbaji wake, akacheka kwa aibu, akapandisha mkono, na kiitikio kikamwokoa.

Déogratias alikuwa amekaa mbele, mikono magotini. Watu walimtazama kwa pembe ya jicho.

"Rudisha," akasema. Guy akarudisha. Mashine ikalalamika, ikarudi, ikasema tena. Mboko, Swima, Lusenda, Nundu, Baraka, Sebele, Kazimia, Fizi, Lulimba, Sebele.

"Kilembwe haimo," Déogratias akasema mwishowe. "Lakini mi nililia. Ile nakumbuka."

"Labda ulilia juu ya vile haimo," akasema mama mmoja wa sauti ya kwanza, na Déogratias ndiye aliyeanza kucheka. Kicheko kikazunguka duka zima, na Guy akasahau kwamba bado anachukua video. Baadaye Sinzinkayo wa Kigoma alimwuliza watu wale walikuwa wanacheka nini.

Kwa sababu ya kicheko kile hakuna aliyeizima mashine. Kaseti iliendelea. Ibada ilikuwa imekwisha, watu wanabeba mabenchi, mtoto anapita na sahani. Picha ikayumba, ikageuka, ikatafuta kitu. Na sauti ya mwanaume, karibu sana, kwa sababu ilikuwa sauti ya aliyeshika kamera, ikasema:

"Suzanne. Simama pale pale. Jua iko nyuma yako, sogea kidogo. Hapo."

Kwenye televisheni akatokea msichana mwenye mtoto mgongoni na kitambaa kimelegea kichwani. Alikuwa anajikinga uso kwa mkono.

"Wacha, Casimir. Sijachana nywele."

"Nani ameangalia nywele?"

"Utamaliza kaseti ya bantu."

"Hii kipande ni yangu. Nimejilipa." Na hapo sauti ikacheka, kicheko kirefu cha kushuka ngazi, na picha yote ikatikisika pamoja nacho, kwa kuwa kamera ilikuwa begani mwake. Msichana akashusha mkono. Alikuwa anajaribu kukasirika na hawezi. Kisha mvua nyeupe ikarudi, na wimbo mwingine wa siku nyingine.

Suzanne alikuwa amekaa kwenye kile kibao alichokikataa siku alipokuja peke yake. Kwa miaka yote alikuwa ameamini kwamba katika sanduku zima la kaseti hamna hata picha moja ya mumewe. Ilikuwa kweli, haikuwamo. Aliyewakamata watu wote wa kambi hakuwa na mtu wa kumkamata yeye. Lakini hakuwahi kufikiri kwamba sauti yake ingekuwamo, imekaa humo gizani chini ya kitanda alicholalia.

Watu wakaanza kuinuka, wakijifanya wanatafuta ndara zao. Guy akaisogelea deki.

"Nirudishe, mama?"

"Rudisha."

Akarudisha. Mara ile walikuwa wamebaki wachache, na Suzanne aliitazama picha ikitikisika, si msichana aliyekuwamo.

Upepo wa kusini ulivuma kwa muda mrefu kuliko Guy alivyopenda. Sinzinkayo alikuwa ameiona video, ameridhika, ameongeza hata kidogo juu ya bei kwa kuhofia isije ikaenda kwa mwingine. Lakini pesa ingekuja na mtumbwi, na mtumbwi haukuja. Kila alasiri Suzanne alifunga beseni zake mapema na kuja na kaseti. Habari ilisafiri. Watu walikuja kutoka Sebele na Nundu kwa pikipiki. Mzee mmoja aliona harusi yake na mke aliyekwisha kumwacha, akasema "tulipendeza," akaondoka zake. Mama mmoja alimwona mwanawe aliyepotelea njiani wakati wa kurudi; aliomba asimamishiwe picha, Guy akaisimamisha, nayo ikawa inapapatika kama kuku aliyeshikwa, lakini uso ulionekana. Yule mama aliupiga picha kwa telefoni yake, akaomba kiti akae kidogo kabla ya kwenda.

Guy aliwatoza wenye kuja kiasi kidogo cha betri. Déogratias alimwambia Suzanne kwamba si vizuri watu kulipia kuwaona marehemu wao. Suzanne akamwuliza kama wakati wa Casimir hakulipa unga. Déogratias akakumbuka kwamba alilipa. Hata hivyo hakuridhika, na akaleta jenereta ya kanisa na kopo la petroli ili wanakorali wasitozwe.

Kaseti mbili zililiwa. Moja Guy aliivuta kwa kibano, utepe ukatoka umekunjamana kama utumbo. Wakaukata na kuuunga, ndoa ya watu ikakosa kiapo. Nyingine haikuokoka. Suzanne alimpelekea habari mama mmoja wa Mukolwe aliyepigwa picha humo, na mama yule alisema alikuwa ameshajua tangu zamani kwamba kaseti ile ina mkosi.

Asubuhi ziwa lilipotulia, mtumbwi wa Kigoma ukaonekana. Guy aliifunga deki kwa blanketi, kisha kwa plastiki, kisha kwa kamba ya mpira. Alimwendea Suzanne sokoni kumwambia kabla ya kuipakia. Alikuwa amebeba bahasha ya Sinzinkayo mfukoni na hakuweza kuficha furaha yake.

"Sinzinkayo anauliza juu ya kaseti zilizobaki, mama," akasema. "Anasema atakutolea kopi bure, zote, kama utamwachia azionyeshe kwa bantu betu ba Amerika. Pengine bamo bantu babo."

Suzanne akaipima habari ile kama anavyopima ndagala, kwa mkono kwanza kabla ya mizani. Akafikiri zingesafiri mapajani mwa nani.

"Mwambie ndiyo," akasema. "Lakini zitavuka na mi. Mutumbwi unaofuata. Nina ndugu Kigoma wa kulala kwake."

"Utaacha soko?"

"Capitoline atanishikia."

Capitoline, aliyekuwa pale anapekua samaki, akasogeza beseni la Suzanne karibu na kikapu chake.

Jumapili ya sherehe waliimba. Déogratias ndiye aliyeviita vijiji, kwa mpango ule ule wa Bienfait, na pale ambapo Sebele ilirudiwa kwa makosa, yeye akaita Kilembwe. Watu wa Sebele walilalamika nje ya kanisa kwamba wao waliimbwa mara mbili tangu mwanzo, iko kwenye kaseti, na hakuna mwenye haki ya kuwapunguza. Ubishi ule bado uko.

Wiki ile Suzanne alimpata mtu wa kumsaidia kutuma kile kipande cha Casimir akicheka, kilichoingia kwenye video ya Guy, kwa Aline, Lulimba. Mtandao wa kule ni wa kubahatisha. Kilichukua siku nzima kufika. Aline akapiga simu wakati mama yake anaanika.

"Mama, nimeona."

"Umeniona na nywele zile?"

"Nimeona." Nyuma ya Aline palisikika watu wanapita, pikipiki, mtoto anaita. "Mama, ni baba ndiye anacheka vile?"

"Ni yeye."

"Mi namukumbuka amekaa pa ukuta tu. Sikujua alikuwa anacheka."

Suzanne akaweka ungo chini, akahamia pembeni, mbali na kelele za wanunuzi.

"Alikuwa anacheka sana," akasema. "Kaa, nikuelezee."